Bati la Mguu wa Ubaldo

Kanisa la Mezquitillo lina milango miwili, na Ubaldo Zermeño hupitia ule wa kulia. Hata siku ambazo mlango huo umefungwa, yuko radhi asimame juani amsubiri mtunza kanisa aje na funguo, huku watu wenye akili zao wakipita kushoto na kumkodolea macho. Kisa ni ukuta. Ukuta wa kushoto umejaa vipande vya bati vilivyochorwa kwa rangi, kimoja juu ya kingine mpaka karibu na dari, na kila kimoja kinamshukuru Bikira wa Kandelaria kwa jambo fulani. Yupo aliyepotelewa na ng'ombe akamwona. Yupo mama ambaye mwanawe alivuka mpaka kwenda kaskazini, akakaa kimya hadi mama akakata tamaa, kisha akapiga simu. Yupo mwanamke aliyetumbukia kisimani akatoka mzima, na ndoo yake mkononi. Kati ya mabati hayo, usawa wa kifua cha mtu, lipo la Ubaldo.

Hakulichora yeye wala hakuliagiza. Linaonyesha mchezaji mwenye jezi ya kijani amelala majanini, mdomo wazi, mguu umepinda kwa namna ambayo mguu wa binadamu haupindi. Mwenye jezi nyekundu amemsimamia, na nyusi zake ni za shetani. Bikira yuko juu ya wingu, katikati ya milingoti ya goli. Chini pameandikwa: "Namshukuru Bikira Mtakatifu wa Kandelaria kwa kuuponya mguu wa mwanangu Ubaldo, uliovunjwa kwa makusudi na Nazario Becerra wa Ojo Zarco. Mimi mama yake, Eduviges."

Mguu huo haukuvunjwa. Haukuguswa hata kidogo. Hilo Ubaldo alilijua siku ile ile, na limemkaa kooni tangu ujana mpaka mvi.

Alianzia soka nyuma ya tanuri za matofali, penye vumbi jekundu lisilotoka kwenye soksi hata ukifua kwa magadi. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na alipenda sana kushangiliwa. Siku za Jumapili alichezea timu ya wachoma matofali, na baada ya mechi waliketi kwenye kreti wakala mchuzi wa mbuzi na chapati za mahindi. Ndipo viongozi wa Deportivo Mezquitillo walipomwona wakamchukua. Ilikuwa timu ya daraja la pili, na kwa mji kama ule, daraja la pili lilikuwa mbinguni.

Kisha ikaja mechi ya mwisho wa msimu, Mezquitillo na Ojo Zarco, miji miwili isiyopeana hata chumvi. Mmoja wao lazima ashuke daraja. Sare ingewatosha Ojo Zarco, na dakika zilikuwa zinayoyoma bila bao. Ubaldo akaingia ndani ya kumi na nane na mpira. Beki mmoja, Nazario Becerra, kijana wa rika lake, akateleza kuja kuukata. Akaona amechelewa, akauvuta mguu wake. Aliuvuta vizuri kabisa, kama mtu anayenusuru kidole kwenye mlango unaofungwa. Ubaldo akaanguka.

Kuanguka peke yake kungekuwa jambo dogo, maana washambuliaji huanguka kila Jumapili na dunia inaendelea. Lakini Ubaldo alipiga ukelele. Alishika kifundo cha mguu, akabiringika, akalia machozi ya kweli, hata mwenyewe hakujua yametoka wapi. Refa akapuliza penalti, akamwonyesha Nazario kadi nyekundu. Ubaldo akainuka akichechemea, akaipiga penalti ile kwa mguu uleule uliovunjika, akafunga. Mji mzima ulikuwa umeshaingia uwanjani kabla mtu hajajiuliza imewezekanaje.

Ojo Zarco wakashuka. Mwenye timu yao akaiuza kwa matajiri wa mji wa mbali, na timu ikahama na jina na mipira yake. Mezquitillo hawakuwa wajinga. Ilikuwapo kamera moja tu ya televisheni, nayo ilimwonyesha Ubaldo mgongo, lakini watu walikonyezana. Wakampa jina la Mpiga Mbizi, kama wale vijana wa Acapulco wanaojirusha baharini kutoka majabalini, na jina lenyewe lilikuwa sifa. Walimnunulia bia. Kinyozi akakataa kumtoza.

Mtu mmoja tu hakukonyeza. Mama yake, Bi Eduviges, alimwona mwanawe akirudi nyumbani mguu umefungwa bendeji, na aliamini. Ubaldo angeweza kuifungua palepale jikoni. Alitaka kuifungua. Lakini majirani walikuwa wamejaa, na mama alikuwa ameshaushika mguu mikononi na kuubusu, akawa ameshamwahidi Bikira kwamba mwanawe akipona, atakwenda kwa magoti kutoka langoni mpaka altareni. Ahadi ya namna hiyo hapa hairudishwi. Ubaldo akaona afadhali achechemee siku chache, kisha apone, mambo yaishe.

Akapona. Na mama akatimiza. Asubuhi ya sikukuu ya Kandelaria alipiga magoti langoni, juu ya kokoto, akaanza kwenda. Desturi ni kwamba ndugu wa mwenye ahadi hutandika mablanketi mbele yake, ya nyuma yakiokotwa na kurudishwa mbele. Mwenye kazi hiyo alikuwa Ubaldo. Alitandika, akaokota, akatandika, na kila alipoinama alichechemea kidogo, maana watu walikuwa wakitazama. Mama alikuwa na pumzi ya shida na uso wa furaha. Blanketi la mwisho lilikuwa na damu. Baada ya siku ile magoti ya Bi Eduviges hayakurudi kuwa magoti, akaanza kutembelea fimbo akiwa bado na nywele nyeusi. Na bati likatundikwa.

Klabu kubwa ya mji mkuu ilimnunua Ubaldo msimu uliofuata, kwa sababu ya ujanja wake, walisema. Alicheza misimu kadhaa na hakuwa mbaya. Lakini kila uwanja aliokwenda alipigiwa miluzi, na marefa walikuwa wamemkariri. Siku moja beki alimvaa kwa nyuma, goti likalia kama kuni kavu, na Ubaldo akalala pale akiomba msaada. Refa akaashiria mchezo uendelee. Jukwaa zima likacheka na kuimba, "Piga mbizi! Piga mbizi!" Walipokuja kugundua, goti lilikuwa limekwisha kazi, na yeye amekwisha na goti lake. Mama alipiga simu akauliza kama amwahidi Bikira kitu. Ubaldo alimkatalia kwa ukali hata mama akaanza kulia.

Akawa kocha. Kazi ya ukocha katika nchi ile inataka mtu asiyefungua sanduku lote la nguo, maana atafukuzwa kabla hajazitundika. Alifundisha bandarini, alifundisha jangwani, akafukuzwa kwa heshima na bila heshima. Aliowafundisha vizuri ni mabeki. Alikuwa na subira nao ya ajabu, akiwaonyesha jinsi ya kubaki wima, jinsi ya kuuvuta mguu. Hakuna aliyeelewa kwa nini mshambuliaji wa zamani anawapenda mabeki namna ile. Hatimaye Mezquitillo, ambao siku hizi wako daraja la tatu na jezi zao zimepauka, wakamwita nyumbani. Mji ulimpokea kwa tarumbeta. Kwenye kitambaa waliandika, "Karibu, Mpiga Mbizi." Ubaldo alitabasamu kwa picha tu.

Kabla ya msimu kuanza, timu hupeleka jezi kanisani zikabarikiwe. Ubaldo aliwaambia wachezaji wapite mlango wa kulia, wakamcheka, wakapita kushoto. Ikambidi awafuate. Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa amelijua. Kila mchezaji, alipofika penye bati lake, alibusu ncha za vidole vyake akaugusa mguu wa yule mwenye jezi ya kijani. Mguu ulikuwa umeguswa miaka yote hiyo mpaka rangi imekwisha, limebaki bati tupu linalong'aa.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Bahati, Mwalimu," alisema Yahir, mshambuliaji wake, kijana mwenye miguu mizuri na mdomo mrefu. "Si unajua. Huo mguu ndo uliotuokoa."

Mechi ya tatu walicheza na timu moja ya milimani. Bao hakuna, muda unakwisha. Yahir akaingia ndani ya kumi na nane, beki wa watu akateleza, akauvuta mguu, na Yahir akaanguka kwa ukelele, akashika kifundo, akabiringika. Ubaldo alihisi amemwagiwa maji ya baridi. Refa akatoa penalti na kadi nyekundu. Yule beki alitoka akilia, na kwenye wavu wa uzio alikuwapo baba yake, mwanamume wa kofia ya nyasi, akimtukana mbele ya watu: "Mpumbavu we! Nimekwambia mara ngapi uuvute mguu!"

Kwenye chumba cha kuvalia jezi, baada ya ushindi, Yahir alimkumbatia kocha. "Umeiona ile, Mwalimu? Ya ukutani kabisa! Nilibakiza Bikira tu aje na wingu lake!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ubaldo alitaka kumzaba kofi. Badala yake, kwa sababu wote walikuwa wakimtazama, naye akacheka. Kicheko kile kilimtia aibu kuliko bendeji yote ya zamani. Alirudi nyumbani akamkuta mama yake amekaa mlangoni, magoti yamefunikwa shali, anasikiliza matokeo redioni, akashindwa kumwangalia.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Heladio, mchoraji wa mabati. Mzee yule alikuwa bado anachora, ingawa mkono ulishaanza kumtetemeka na mabikira wake siku hizi wana macho makubwa kidogo.

"Nataka bati la mama liondolewe," Ubaldo alisema.

"Lile nimelichora mimi. Kilichopewa Bikira hakichukuliwi, na mimi mwizi sijawahi kuwa."

"Basi nichoree jingine, liwekwe chini yake. Liseme lile la kwanza ni uongo."

Mzee Heladio akaweka brashi chini. "Sikiliza, Mwalimu. Mimi nachora shukrani. Maungamo yana kibanda chake, na padri yumo anasinzia, nenda ukamwamshe. Bati linataka muujiza. Wa kwako uko wapi?"

"Sina."

"Sasa nichore nini? Mtu mzima anaona haya? Hiyo si habari. Nikichora wote wanaoona haya Mezquitillo, bati litakwisha nchini." Kisha akamtazama kwa jicho la pembeni. "Na yule mtoto wa watu umeshamwendea?"

"Yupi?"

"Usijifanye hamnazo. Yule niliyemtia nyusi za shetani. Mama yako alitaka na pembe, nikamwambia, bibi, hapana, pembe sitii."

Ubaldo aliondoka bila kuaga. Alikaa kwenye pikapu yake mbele ya nyumba ya mchoraji, mikono juu ya usukani. Alijua anachotakiwa kufanya, na alijua kwamba akirudi nyumbani kwanza kunywa kahawa hatakifanya. Kwa hiyo hakurudi nyumbani. Akashika barabara ya Ojo Zarco.

Uwanja wa zamani wa Ojo Zarco siku hizi unaanikiwa mabua ya mahindi, na mlingoti mmoja wa goli umefungwa punda. Duka la Nazario liko mtaa wa pili, na matairi yamepangwa hadi barabarani. Mwenyewe alikuwa ameinamia pipa la maji, anazungusha tairi, anatafuta mapovu. Alikuwa amenenepa, nywele zimemwacha. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mzee mkavu wa kofia pana, mikono juu ya mkongojo.

"Pancha au upepo?" Nazario aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi ni Ubaldo Zermeño."

"Nimekuuliza pancha au upepo."

Nazario aliendelea kuzungusha tairi mpaka povu moja dogo likatokea, akaweka alama kwa chaki, ndipo akainuka.

"Nilikuwa najua utakuja siku moja," alisema. "Nilidhani utakuja na kamera za televisheni, tupeane mikono, watu wapige makofi. Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Afadhali." Akajifuta mikono kwa tambara. "Nilipita kanisani kwenu, unajua? Mke wangu alitaka mwanetu abarikiwe. Binti alikuwa ndo kwanza anajua kusoma, anasoma kila kitu, mpaka mikebe ya maharage. Akausoma ukuta wote kwa sauti, bati moja moja, mpaka akafika pale. Akaniuliza, baba, ni wewe huyu?"

"Ukamwambia nini?"

"Ndiyo, nikamwambia. Jina langu, ningelikana?"

Ubaldo alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua mdomo aombe msamaha, lakini Nazario akamkatiza kwa mkono.

"Huo msamaha kaa nao kwanza. Mimi nina swali moja, nimelala nalo miaka yote hii. Nilikugusa, au sikukugusa?"

Ubaldo alimtazama. Hakuwahi kufikiria kwamba yule mtu hajui.

"Maana mimi niliuvuta mguu," Nazario akaendelea, na sauti ikamshuka. "Nakumbuka nilivyouvuta. Lakini ulivyolia vile, bwana! Mtu halii vile bure. Watu wa hapa wakasema nimenunuliwa. Wengine wakasema mimi mjinga tu. Nikaanza kujiambia, labda nilimgusa kidogo. Labda kwa daluga. Hiyo labda, Zermeño, imenila."

"Hukunigusa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Uliuvuta vizuri. Nafundisha mabeki mpaka leo wauvute kama wewe."

Nazario alitupa tambara chini. Macho yalikuwa yamejaa maji na uso umekunjamana kwa hasira, vyote pamoja. "Ningekupiga," alisema hatimaye, "ila mikono ina gundi." Kisha akaelekeza kidevu kwa mzee wa mlangoni. "Mwambie yeye. Baba yangu. Tangu siku ile hajawahi kwenda uwanjani nami, wala kutazama mpira nami. Mwambie."

Mzee Prisciliano Becerra alikuwa kiziwi. Ubaldo alimwinamia sikioni, akasema kwa sauti ya chini, ya adabu, "Mzee, mwanao hakunigusa."

"Anasema nini huyu?" Mzee Prisciliano aliuliza.

"Mzee, siku ile ya penalti, mwanao hakunigusa."

"Mwambie upepo ni bure, pancha ndo analipa."

Dereva wa lori aliyekuwa akisubiri tairi lake alianza kucheka. Ng'ambo ya barabara, mwanamke wa chapati za mahindi alizima mashine yake asikie vizuri. Nazario alikunja mikono kifuani.

"Si kocha wewe?" alisema. "Uwanja mzima unakusikia ukigomba. Hapa sauti imekwenda wapi?"

Ubaldo alijiinua. Akaweka viganja pembeni mwa mdomo kama anavyofanya kando ya mstari, akapiga kelele:

"HAKUNIGUSA!"

Kuku walitawanyika. Watu wakachungulia madirishani.

"Nani?" alisema mzee.

"NAZARIO! MWANAO!"

"Kafanya nini?"

"HAKUFANYA KITU! NILIJIANGUSHA! MIMI NI UBALDO ZERMEÑO WA MEZQUITILLO! NILIJIANGUSHA MWENYEWE, NIKALIA UONGO!"

Mtaa mzima sasa ulikuwa nje. Mtu mmoja alipiga mluzi, ule mluzi wa viwanjani, na Ubaldo akausikia uso wake mwenyewe ukiwaka moto. Hakuwahi kusikia jina lake likisikika baya namna ile, na mwenye kulitangaza ni yeye.

Mzee Prisciliano akamgeukia mwanawe. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, baba," alisema Nazario, naye akalazimika kupiga kelele. "NILIKWAMBIA! UKIWA NA MASIKIO YAKO MAZIMA!"

Mzee akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe, paji la uso limegawanyika rangi pale kofia ilipozuia jua. "Basi nilikosea mimi, mwanangu," alisema. Alinyoosha mkono, na Nazario akaupokea kwa mikono yake yenye gundi. Walikaa hivyo. Halafu mzee akamkumbuka mgeni. "Na huyu bado yuko? Ondoka, we mwana, kabla sijapata nguvu za kuinuka."

Nazario alimsindikiza mpaka kwenye pikapu, hatua chache. Ubaldo alipowasha gari, Nazario alisema kupitia dirishani, "Sijakusamehe, unaelewa?"

"Naelewa."

"Na ile penalti uliipiga vibaya. Kipa wetu aliigusa."

"Najua," alisema Ubaldo. Ilikuwa kweli.

Mzee Heladio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga paja. "Kiziwi kasikia! Na unasema huna muujiza?" Akalichora bati palepale, mkono ukitetemeka. Mzee yuko kitini, kiganja sikioni. Nazario ameshika tairi, na nyusi zake safari hii ni nyusi za mtu tu. Ubaldo amesimama mdomo wazi, mdomo uleule wa bati la kwanza. Chini pameandikwa: "Namshukuru Bikira Mtakatifu wa Kandelaria kwa kuwa Mzee Prisciliano Becerra wa Ojo Zarco, kiziwi, alisikia kwangu kwamba mwanawe hakunigusa. Mguu wangu haukuvunjika. Ubaldo Zermeño."

Sasa alibaki mama. Ubaldo alipanga kumwambia nyumbani, wakiwa wawili. Alipanga hivyo Jumapili, akapanga tena Jumatano. Alitengeneza sentensi vizuri, na kila alipomwona mama anajishika ukuta aende chooni, sentensi zilimtoroka. Ikafika sikukuu ya Kandelaria, kanisa linanukia mishumaa na tamali za unga wa mahindi zinazochemka uani, na Bi Eduviges akataka kupelekwa kwenye bati lake kama kila mwaka. Ubaldo alimshika mkono wakapita mlango wa kushoto.

"Wameweka jipya hapa chini," alisema mama, akikaza macho yaliyofifia. "Kiziwi huyu nani? Nisomee."

Nyuma yao ilikuwa imejipanga foleni ya watu, na katika foleni wachezaji wake, Yahir mbele. Ubaldo alisoma. Alisoma taratibu, na alipomaliza, mama hakusogea.

"Rudia pale pa mguu."

"Mguu wangu haukuvunjika."

"Ulivunjika," alisema mama. "Niliushika."

"Ulikuwa mzima, mama. Ulikuwa na bendeji tu."

Yahir aliinamisha kichwa. Bi Eduviges aliangalia bati la juu, lile lake, akaangalia la chini, kisha akashusha macho mpaka kwenye sketi yake nyeusi, pale sketi inapofunika magoti.

"Na haya magoti yangu, Ubaldo?"

Ubaldo alilia, na safari hii hakushika kifundo cha mguu. Mama alimwacha alie. Alipoona imetosha, aligeuka kwa fimbo yake, akatembea polepole mpaka nje, mpaka langoni penye kokoto, na Ubaldo nyuma yake, na foleni yote nyuma ya Ubaldo. Pale mama akavua shali yake. Aliinama kwa shida, akiguna, akaitandika chini.

"Piga magoti," alisema.

Ubaldo akapiga magoti. Goti lake bovu lilimchoma mpaka kiunoni, akauma meno, akaanza kwenda kuelekea altareni, mbele ya wachezaji wake na mji wake wote. Kila alipofika mwisho wa shali, mama aliikokota kwa ncha ya fimbo na kuitupa mbele tena. Hakukubali mtu yeyote amsaidie. Walipofika altareni Ubaldo akashika nguzo ainuke, goti likakataa, mwili ukamwelemea upande.

"Simama wima," mama yake alimwambia. "Na ole wako uchechemee."